Nguzo Ambayo Nyaya Hazikupishana

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mmoja wenu alisema niandike niliyoyaona yasije yakapotea pamoja na mzee mwenyewe. Sikuwa nimejiona mzee mpaka alipolitamka neno hilo. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu; ziko kwenye faili ofisini, na hata huko hazijazi kurasa mbili. Nitakayoandika zaidi ni habari ya nguzo moja, kati ya Tabora na Usoke, ambayo kwa miezi minane nyaya zake hazikupishana, nami nilijua.

Nilitoka Ipole, nina darasa la nne la misheni na kichwa kilichojaa ndoto kuliko hesabu. Baba alikuwa mtu wa mizinga. Nilipofika karakana ya simu Tabora, wakati huo bado vita kuu ya pili haijaanza, nilikabidhiwa kwa Fundi Mbaruku, mwenyeji wa mjini, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na mikono iliyochubuka siku nyingine zote. Babu yake alikuwa akiwatengenezea watu wa misafara sufuria na bunduki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kama kweli mimi ni wa Ipole na kama baba ana mizinga. Nikasema anayo.

"Basi ukienda likizo, usirudi bila nta," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nikajua nimeangukia mikononi mwa mla rushwa. Ilinichukua miezi mitatu kufahamu kwamba ile nta hakuiuza wala hakuichoma. Alikuwa akiiyeyusha kwa moto mdogo, akichovya humo vipande vya karatasi, akivianika kwenye kamba kama nguo za mtoto. Kisha anachukua karatasi ya bati inayofunikia chai kwenye masanduku, anaweka tabaka la bati, tabaka la karatasi ya nta, tabaka la bati, anakunja. Hiyo ndiyo kondensa, kifaa kinachotunza umeme kidogo baina ya tabaka zake. Nawaambia nyinyi mnaopokea za dukani ndani ya vikopo: nta isichemke, ikichemka inaacha mapovu, na bati likatwe dogo kuliko karatasi, la sivyo kingo zitabusiana na kazi yako yote imekwisha.

Siku moja aliniuliza umeme uko wapi. Nikamjibu upo ndani ya waya, kila mtu anajua.

"Na nje ya waya?"

"Nje hakuna kitu, Fundi."

"Hapo ndipo utakapoharibia kazi," akasema.

Akanieleza kwa maneno machache, maana maneno kwake yalikuwa adimu. Waya unapopitisha sauti, hewa yote inayouzunguka inashughulika. Waya wa jirani umo ndani ya hewa hiyo hiyo, hivyo nao unaguswa bila kuguswa. Huwezi kuipima hewa yote kutoka Tabora hadi Usoke, na miti, na ardhi, na mvua. Lakini unaweza kuitengenezea mfano. Pale ambapo waya mrefu unauchelewesha umeme, weka koili ya waya wa shaba. Pale ambapo waya mmoja unaukaribia mwingine, weka kondensa ndogo baina yao. Fanya hivyo kwa kila maili chache, tia ndani ya bati la biskuti, unganisha mabati, na hapo juu ya meza yako una safari nzima. Unachokisikia mwisho wa mabati ndicho utakachokisikia mwisho wa waya wenyewe.

Nilipenda jambo hilo kuliko chakula. Niliwaza kuijenga njia nzima mpaka Kigoma ndani ya chumba kimoja, mtu atoke Tabora mpaka ziwani kwa hatua sita, mchukuzi wa zamani wa meno ya tembo angecheka mpaka akae chini. Nikaanza kutengeneza mabati yangu mwenyewe. Fundi Mbaruku aliyatazama ya kwanza, akasema yanafaa kuwekea biskuti.

Mwaka wa pili nikapelekwa kulinda waya. Kibanda cha mabati karibu na maili ya ishirini magharibi mwa Tabora, reli mbele, miombo nyuma, nguzo upande huu na upande huu. Kazi yangu ilikuwa kutembea kipande changu, kufunga kilicholegea, kukata matawi, na kila siku saa kumi alasiri kuning'iniza simu ya kubebeka kwenye waya wa serikali kuwajulisha Tabora kwamba waya ni mzima na mlinzi pia. Wakishasikia "mzima" wanakata. Mashimo ya nguzo tulipoyachimba yalitoa shanga za misafara, nyekundu na nyeupe, kwa sababu reli na waya vimefuata njia ile ile. Nilizitunga uzi mmoja. Sikuwa na wa kumpa.

Upweke wa pale, vijana, haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kuzoea vibaya. Nilianza kwa kuimba, nikaja kuongea na sufuria, halafu siku moja nikajikuta naisubiri ijibu. Treni ya abiria ilipita mara chache kwa juma na haikusimama. Mtu akitupa gazeti dirishani nililisoma mpaka matangazo ya sabuni nikayajua kwa moyo. Nilikuwa mchangamfu, hilo mnalijua mpaka leo, lakini uchangamfu bila mtu wa kuupokea unachosha kuliko kubeba nguzo.

Sasa nguzo yenyewe. Juu ya nguzo zetu kulikuwa na jozi mbili za nyaya: jozi ya serikali na jozi ya reli. Mnajua kwamba jozi mbili zikienda sambamba, waya ulio karibu unausukuma jirani yake kuliko ulio mbali, na sauti inavuja kutoka jozi hii kwenda ile. Dawa yake ni kuzipisha: kila baada ya nguzo kadhaa, nyaya za jozi moja zinabadilishana nafasi, wa juu unakuwa wa chini, ili kila mmoja upate zamu ya kuwa karibu na zamu ya kuwa mbali, na mwishowe uvujaji uangamizane. Masika ya mwaka ule kijito kilifurika kikachukua nguzo nne. Mafundi wakaletwa; kundi nililotiwa lilivuta nyaya kutoka upande wa Tabora, kundi jingine kutoka upande wa Usoke, tukakutana kwenye nguzo ya kupishana. Desturi ni kwamba anayetoka upande wa Tabora ndiye anayepisha. Mvua ilikuwa inatupiga usoni, wenzetu wameshika ncha zao wanapiga kelele, nikaunga wa juu na wa juu, wa chini na wa chini. Jioni nikaandika kitabuni "imepishwa", maana kila mara ndivyo tulivyoandika.

Wiki mbili baadaye, saa kumi alasiri, nimeshasema "mzima" na Tabora wamekata, simu bado iko sikioni. Nikasikia mtu kwa mbali sana akiamkia mwenzake "mwangaluka", salamu ya asubuhi, jua likiwa linaelekea kuzama, na kucheka mwenyewe. Nilijua papo hapo. Ile ilikuwa jozi ya reli, na kosa lilikuwa langu, na ngazi ilikuwa imeegemea kibanda. Kupisha nyaya kungechukua nusu siku. Nikasema kesho.

Kesho yake nilisikiliza tena. Keshokutwa nikaongea.

"Nani huyo anaongea ndani ya ukuta?" sauti ikauliza.

Alikuwa karani wa stesheni ya Usoke, Mikaeli, kijana wa kanisa la Moravian, mwimba kwaya. Nilimweleza mimi ni nani na kwa nini ananisikia. Akasema ni mara ya kwanza kosa la serikali kumletea kitu chema. Toka siku hiyo, treni za mchana zikishapita, tulikuwa tunaongea robo saa, sauti nyembamba kama ya mdudu ndani ya kopo, lakini ya mtu. Alinisomea magazeti. Nilimweleza mabati yangu naye akayaita kanisa la biskuti. Alinieleza habari za mama yake mdogo aliyemlea, anayeishi kijiji cha porini kusini ya Usoke na kulima mihogo. Tulidanganyana juu ya sura zetu kila siku. Leo ana jino la dhahabu, kesho hana jino hata moja. Mimi siku moja nilikuwa na futi saba. Sikuwahi kuiona sura yake, na tuliapa kwamba Krismasi tutaombeana ruhusa tukutane Tabora, na atakayemtambua mwenzake kwanza atalishwa na mwingine. Miezi minane. Ngazi niliihamishia nyuma ya kibanda.

Mwezi wa nane wa mazungumzo yetu Mikaeli hakusikika. Siku mbili, tatu. Kwenye waya wa reli kulikuwa na sauti nyingine, kavu, isiyocheka. Siku ya nne Fundi Mbaruku akashuka kutoka kwenye kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, akanywa maji, akakaa juu ya ndoo yangu.

Habari ilikuwa hivi. Wakubwa walikuwa wamezungumza kwa simu ya serikali juu ya kuhamisha watu wa vijiji vya porini kwa sababu ya malale. Walipofika kwenye kijiji kimoja wakakuta mihogo imekwisha kung'olewa, mizinga imeshushwa, na watu wamejiendea wanakotaka wao. Wakauliza, wakafika kwa mama mmoja, na mama yule akasema kwa fahari kabisa kwamba mwanawe wa stesheni alimtahadharisha. Mikaeli alipoulizwa alijibu kwamba aliyasikia kwenye simu yake mwenyewe ya reli. Hakuna aliyemwamini. Wanasema amepanda nguzo akaunga waya wa wizi. Jumatatu Mkaguzi wa simu atasikiliza shauri hilo Tabora, na akiridhika, kijana anapelekwa mahakamani, na kwa kosa hilo ni kifungo.

"Amesema alikuwa akiongea na mtu?" nikauliza.

"Hakutaja mtu."

Fundi Mbaruku alinitazama, akatazama ngazi iliyokuwa nyuma ya kibanda, akatazama juu kwenye nyaya. Mtu yule aliweza kusoma nguzo kama nyinyi mnavyosoma barua.

"Ipi?" akauliza.

Nikamtajia namba.

"Toka lini?"

"Toka masika, Fundi."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Nikasema nitakwenda kwa Mkaguzi nimwambie nguzo fulani haikupishwa, basi. Akatikisa kichwa. Alisema Mkaguzi ana kitabu, na kitabu kina maandishi yangu kwamba imepishwa. Tena hata akiikuta haikupishwa atauliza, nyaya hazigusani, sauti ilipitia wapi? Wakubwa hawatakubali kwamba hewa ndiyo iliyotoa siri zao. "Lazima aisikie kwa sikio lake, chumbani mwake, amekaa kwenye kiti chake," akasema.

Tulikuwa na siku tatu. Nilikuwa na mabati manne, tukahitaji manane, kwa jozi mbili. Fundi Mbaruku alikaa nami kibandani, mtu mzima wa umri wake, akilala sakafuni. Tulichovya karatasi kwa nta ya baba yangu. Tulipima kondensa kwa betri na kisikilizi cha simu: ukigusa, nzuri inapiga mkwaruzo mmoja wa nguvu, mbovu inakohoa. Kazi kubwa ilikuwa zile kondensa ndogo za katikati, za kuwakilisha hewa baina ya jozi na jozi. Waya wa karibu tuliupa kubwa kidogo, wa mbali ndogo kidogo, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba maisha ya mtu. Katikati ya mabati, pale penye kijito, niliweka vichomeko viwili vya shaba: ukichomeka hivi nyaya zimepishana, ukichomeka vile hazikupishana. Fundi Mbaruku alisikiliza, akasema haya sasa si ya biskuti. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye hakuwahi kunipa sifa nyingine.

Jumatatu tukayapanga juu ya meza ya Mkaguzi, Mwingereza mkavu, mwenye haki kadiri alivyoweza, Kiswahili chake kizuri kuliko tabasamu lake. Mikaeli hakuletwa, alikuwa amezuiliwa Usoke. Fundi Mbaruku akaenda chumba cha pili na simu ya jozi moja, mlango ukafungwa, akaanza kuhesabu kwa Kinyamwezi kwa sauti ya kawaida. Nikampa Mkaguzi kisikilizi cha jozi ya pili, nyaya zikiwa zimepishana. Akasikiliza. Akasema hasikii kitu. Nikang'oa vichomeko, nikavichomeka kwa namna ile tuliyofunga siku ya mvua.

Uso wake haukubadilika, ila mkono uliacha kucheza na kalamu. Alisikiliza mpaka kumi, na akasikiliza tena mpaka kumi. Akainama kutazama chini ya meza kama kuna waya uliofichwa. Akanitaka nivitoe na kuvirudisha mwenyewe mara tatu, kisha akavitoa na kuvirudisha yeye.

"Nguzo gani?" akauliza.

Nikaitaja. Akafungua kitabu. Akakuta mwandiko.

"Huu ni wako."

"Ni wangu, bwana."

"Uligundua lini?"

Hapo ningeweza kusema jana. Fundi Mbaruku alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, na hata yeye, nadhani, angeniachia niseme jana. Lakini kama mimi nimegundua jana tu, hakuna wa kueleza kwa nini karani wa Usoke alisikia miezi minane bila kupiga ripoti. Wangesema tena ni mwizi. Nikasema niligundua wiki mbili baada ya mvua, na kwamba karani alijua ni mimi niliyepaswa kuripoti, na kwamba tulikuwa tukiongea.

"Kwa nini hukuirekebisha?"

"Nilikuwa peke yangu, bwana," nikasema.

Mkaguzi akavuta karatasi. Kisha akaandika, kirefu, na mpaka leo sijui aliandika nini. Akasema karani hana kesi ya wizi, ana onyo kwa kutembeza maneno, na reli watamhamisha kwa sababu Usoke hawezi kubaki. Kuhusu mimi, ningejua baadaye. Ila nyaya zipishwe kabla ya Alhamisi mchana, na nizipishe mimi, si mtu mwingine.

Kiberenge cha Jumatano kilinirudisha kibandani. Msimamizi wa kiberenge, mtu wa Usoke aliyetoka huko jana yake, aliniambia Mikaeli ameachiwa, anafunga sanduku, anaondoka kwa treni ya Alhamisi kwenda stesheni ya upande wa Mwanza. Hawamruhusu kugusa simu tena hapo. Alituma salamu moja tu: mwambieni yule wa ndani ya ukuta kwamba sikumtaja. Nikasema mwambieni najua. Alicheka akasema atamwambiaje, kiberenge kinageuza hapa kurudi Tabora.

Alhamisi asubuhi niliirudisha ngazi mahali pake. Kabla sijapanda nilitundika simu kwenye waya nikasikiliza kwa mara ya mwisho. Yule karani mwenye sauti kavu alikuwa akitoa namba za mabehewa. Hata yeye nilimsikiliza mpaka mwisho.

Kisha nikapanda. Nililegeza nyaya za jozi ya serikali, nikauleta wa juu chini na wa chini juu, nikazifunga kwenye vikombe vyake vya kaure kwa mizunguko saba kila kimoja kama nilivyofundishwa, nikakaza, nikasafisha ncha. Nikatundika tena simu. Vijana, sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Waya wa serikali ulikuwa kimya kabisa. Hakuna Usoke, hakuna mdudu ndani ya kopo, hakuna kitu. Kila fundi anautafuta ukimya ule maisha yake yote, nami nilikuwa nimeupata, na nikaushikilia sikioni mpaka mkono ukafa ganzi.

Nilikuwa bado juu ya nguzo treni ilipotokea upande wa Usoke. Haikusimama, haikuwa na sababu ya kusimama. Madirisha yote yalikuwa yamejaa watu, wanaume, wanawake wenye watoto, vijana wenye kofia na wasio na kofia, na mmoja wao alikuwa yeye, na sikujua ni yupi. Nikakumbatia nguzo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nikalipungia behewa la kwanza, na la pili, na la tatu, nikayapungia yote mpaka la mwisho, nisije nikamruka.

Wengi walinipungia.